Blogu ina wasomaji elfu arobaini kwa mwezi, pesa haitoshi bando. Nani hapa Mombasa anakula kwa kuandika?

#1 Baraza_Kibokoni
Salaam jamaa. Nina blogu ya Kiswahili tangu 2021. Naandika mambo ya Mji wa Kale: milango, vyakula, arusi zetu, kofia, majina ya mitaa, mara moja moja vituko vya feri. Mwezi uliopita kurasa zilifunguliwa mara 41,000. Nikaenda kwa furaha kutazama pesa ya matangazo, nikakuta dola 12 na senti 40. Kwa shilingi haifiki 1,700. Na hizo siziguzi, kwa sababu AdSense, wale wa Google wanaoweka matangazo, hawatumi mpaka zifike dola 100. Piga hesabu, ni miezi tisa ya kungoja.

Domeni (jina la tovuti) nalipa, hostingi (pa kuiweka) nalipa, bando nalipa, na Jumamosi nashinda Kibokoni na Kuze juani nikipiga picha za milango ya watu wanaonitazama kama mpimaji wa manispaa. Mke wangu ameanza kuiita blogu "yule mtoto wako asiyesoma wala kufanya kazi".

Swali: kuna mtu humu, wa hapa hapa Mombasa, anayepata pesa ya maana kwa blogu au jarida la mtandaoni? Si video za kucheza. Maandishi. Na kama yupo, mimi nakosea wapi?

#2 Mla_Mbaazi
Dola 12 ni mahamri na mbaazi za mwezi mzima shekhe. Wewe lalamika tu.

#3 Fundi_Mikindani
Nimewatengenezea watu tovuti tangu 2012, swali hili nimelisikia mpaka nimelizoea. Hukosei popote. Umechagua lugha isiyo na wanunuzi.

Kila ukurasa wako unapofunguliwa, kabla hata picha haijatokea, kunafanyika mnada. Wenye matangazo wanatupa bei, mwenye bei kubwa ndiye anayeonekana. Mjerumani akisoma makala ya bima ya gari, wanaomgombania ni makampuni ya bima yenye pesa za kumwaga. Sasa msomaji wako anasoma habari za mlango wa Kihindi na mlango wa Kiarabu, kwa Kiswahili. Nani anapandisha bei hapo? Ni kama kupeleka ng'ombe mnadani siku ambayo wachinjaji wote wameenda arusini.

Na usiseme wanakula pesa yako. AdSense kwa matangazo ya ndani ya kurasa inamwachia mwenye tovuti karibu asilimia 68 ya kilicholipwa. Kiswahili pia wanakikubali. Ruhusa unayo, bei ndiyo huna. Dola 12.40 kwa kurasa 41,000 ni senti 30 kwa kila elfu. Nishaona mbaya zaidi.

#4 Bi_Tudor
Fundi, mimi sikubali. Naandika Kiswahili kitupu na blogu yangu yanilipia karo ya mtoto. Lakini sina tangazo hata moja ndani.

Mimi napika arusi. 2019 niliandika namna ya kupika biriani ya watu mia tatu: mchele kilo ngapi, nyama kilo ngapi, masufuria mangapi ya kukodi, kuni au gesi, na saa ngapi uanze kukaanga vitunguu ili Jumapili usiaibike mbele ya wakwe. Niliandika nikidhani nawafundisha. Watu wakasoma, wakaona kazi si ya mchezo, wakanipigia simu niwapikie mimi. Wengi hawataki kujua kupika, wataka kuhakikisha kwamba anayewapikia ajua. Mwaka jana arusi kumi na moja zilitoka kwenye makala ile moja. Idadi naijua kwa sababu kila anayepiga namuuliza amenipatia wapi.

Haya, niambie, hiyo ni pesa ya blogu au si ya blogu?

#5 Fundi_Mikindani
Ni pesa ya sufuria, Bi Tudor, kwa heshima. Jamaa ameuliza anayelipwa kwa kuandika.

#6 Bi_Tudor
Bila maandishi sufuria lingekuwa kabatini. Kibao cha duka hakiuzi kitu, lakini king'oe uone.

#7 Mzee_wa_Kuze
Wanangu, mwatafuta pesa kwa ndia ndefu. Zamani mtu watunga shairi, walipeleka redioni, likisomwa jioni mtaa mzima wakujua, na hupati hata senti moya, wala hulalamiki. Hizi blogu za Kiswahili alizianza Michuzi wa Dar, naye alikuwa mpiga picha wa gazeti, ana mshahara wake. Nyinyi mwaacha kazi kwanza ndipo mwafungua blogu. Mimi siyui mwafikiri nini.

#8 Tanga_Raha
Shikamoo mzee. Sahihisho dogo tu: Michuzi alianza 2005. Aliyemtangulia ni Ndesanjo Macha, blogu yake ya Jikomboe ni ya 2004, na ndiye aliyewashika wengi mkono wakaanza.

Na nyinyi wa Mombasa mshukuru. Huku kwetu 2018 zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni, mwenye blogu akatakiwa leseni. Ukijumlisha ada ya maombi, ya kuanzia na ya mwaka, ilikuwa shilingi za Tanzania milioni 2.1. Baadaye ada zilipunguzwa, lakini wengi walikuwa wameshafunga. Mimi mmojawapo. Blogu yangu ilikuwa ya ushairi. Milioni mbili kwa ajili ya vina na mizani!

#9 Mzee_wa_Kuze
Marahaba. Haya, nimesahihishwa. Lakini shairi lako ungelipeleka redioni bure.

#10 Simu_Bondeni
Natengeneza simu Bondeni, naomba kuingilia. Fundi amezungumzia wanunuzi, hakuzungumzia simu. Baraza, wasomaji wako wanatumia nini kufungulia? Kama ni Opera Mini, basi hakuna mnada wala mnadi. Ile kivinjari ina kizuizi cha matangazo ndani yake tangu 2016, na watu wanaipenda kwa sababu inabana data. Wateja wangu wengi wenye simu ndogo wanaitumia hiyo hiyo. Mtu anasoma makala yako mpaka mwisho, anafurahi, anakuombea dua, na tangazo halijatokea hata moja.

#11 Baraza_Kibokoni
Simu_Bondeni shukran. Nimeenda kutazama takwimu zangu sasa hivi. Opera Mini ni asilimia 38. Miaka yote hii sikujua.

#12 Fundi_Mikindani
Sawa, hoja nzuri, naikubali nusu. Hata hao wote wangeona matangazo, dola 12 zingekuwa 20. Mgonjwa bado yuko kitandani.

#13 Kidole_Kimoja
Ngojeni niwape kisa mcheke. Mimi pesa zilikuja haraka sana, ndiyo ikawa shida.

Nilikuwa na blogu ya mpira wa mitaani, ligi za Mwembe Tayari na Majengo. Nikaona pesa haipandi, nikaingia kwenye kundi la WhatsApp la familia, watu mia mbili na zaidi, wengine wako Jeddah, nikaandika: "Jamani, kila mkifungua nibonyezeeni lile tangazo, ni sadaka." Familia yetu ina umoja. Walibonyeza! Shangazi alibonyeza tangazo moja mara thelathini kabla ya alasiri, na akanitumia picha kama ushahidi. Siku tatu nikafika dola 87. Siku ya nne akaunti ilifungwa, dola 87 zikaondoka, na sababu ikaandikwa kwa mstari mmoja: mibonyezo isiyo halali. Kampuni siitaji, na kosa lilikuwa langu, masharti yamesema wazi usijibonyezee wala usiombe watu wabonyeze.

Shangazi mpaka leo ananiuliza ile sadaka ilifika wapi.

#14 Mla_Mbaazi
Mpe pole shangazi. Kidole chake kiko salama?

#15 Baraza_Kibokoni
Kidole_Kimoja umenivunja mbavu. Na mimi nikiri: siku ya kwanza nilijibonyezea mwenyewe mara moja, kuona kama inafanya kazi. Sikulala.

#16 Pwani_Posta
Ile ya kungoja dola 100 mnaisema kama ndiyo kikwazo cha kwanza. Si ya kwanza. Ukifika dola 10 wanakutumia barua yenye PIN, karatasi kabisa, kwa sanduku la posta, ili kuthibitisha anwani. Mimi niliandika sanduku la mjomba. Mjomba hulifungua anapokumbuka, na hukumbuka akidaiwa. Barua ilikaa humo miezi mitatu ikiwa chini ya bili za maji. Una miezi minne tangu PIN ya kwanza itolewe, ikipita bila kuthibitisha matangazo yanasimama. Waweza kuomba barua nyingine, na zikigoma kuna njia ya kitambulisho. Kwa hivyo vijana, andikeni sanduku ambalo ufunguo wake mnao.

#17 Dada_Bamburi
Mimi niko upande wa pili wa shilingi. Naandika Kiingereza, wasomaji wangu ni wageni wanaopanga kuja: treni ya SGR inashukia Miritini na si mjini, kuvuka Likoni kunakuwaje ukiwa na mizigo, uvae nini ukienda Mji wa Kale. Fundi anasema lugha ndiyo tatizo. Ningekuwa tajiri basi.

Miaka miwili ilikuwa vizuri kweli. Makala iliyonilipa kuliko zote haina hata fukwe ndani yake, ni ya soketi. Wajerumani hawajui kwamba plagi zetu ni za miguu mitatu kama za Uingereza. Nikaeleza, nikaweka kiungo cha Amazon cha adapta. Akibonyeza na akanunua ndani ya saa 24, napata changu, hata akinunua viatu badala ya adapta. Senti, lakini zilikuwa zinaingia nikiwa nimelala.

Viungo vya kuhifadhi nafasi hotelini navyo viko, ila hapo ujifunze subira. Mtu anahifadhi Agosti, anakuja Januari, na hulipwi mpaka alale kitanda aondoke. Akivunja safari, na wewe umevunjika.

Kisha majibu ya akili bandia yakaanza kukaa juu ya matokeo ya utafutaji. Anayeuliza treni inatoka saa ngapi anajibiwa hapo hapo, hafiki kwangu. Wasomaji wamepungua zaidi ya nusu. Zilizobaki hai ni zile nilizoonja mwenyewe kwa ulimi wangu, kama viazi karai vya wapi, madafu ya nani.

#18 Mla_Mbaazi
Viazi karai vya wapi? Jibu kwa uangalifu, kuna watu wa Mackinnon na watu wa Kongowea humu.

#19 Dada_Bamburi
Sijibu. Nina watoto.

#20 Mhasibu_Ganjoni
Mmesahau mkono wa serikali. Mtu akikulipa kwa maudhui ya mtandaoni hapa Kenya anatakiwa kukukata asilimia 15 ya kodi kabla hujaiona.

#21 Mhasibu_Ganjoni
Najisahihisha kabla sijapigwa. 15 ilikuwa kwenye mswada. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipitisha 5 kwa mkaazi, kuanzia Julai mwaka huo. Anayekulipa ndiye anayekata na kupeleka KRA, mamlaka ya kodi, wewe unabaki na cheti cha kuonyesha umeshakatwa. Na pesa ya kutoka nje ambayo haikukatwa bado unaitangaza mwenyewe kwenye ritani kabla ya tarehe 30 Juni. Dola 12 ni dola 12.

#22 Dada_Bamburi
Kweli, na ongeza eTIMS, ule mfumo wa KRA wa invoisi za kielektroniki. Kuna hoteli moja pwani ya kaskazini ilikubali kuweka tangazo kwangu miezi mitatu. Tumekubaliana bei, nimeandika, picha zimetoka. Nikaenda kudai, mhasibu wao akasema leta invoisi ya eTIMS. Mimi nilikuwa na invoisi nzuri nimeipamba na mnazi. Akaniambia tangu Januari 2024 malipo yasiyo na ile invoisi wao hawawezi kuyaingiza kama gharama kwenye hesabu za kodi. Nilichukua wiki tano kujisajili na kuelewa. Mwishowe walilipa, lakini katikati walijaribu kunilipa kwa chakula cha mchana cha watu wawili.

#23 Mhasibu_Ganjoni
Na chakula nacho ni mapato.

#24 Kidole_Kimoja
Sasa unakatwaje asilimia 5 ya biriani? Wanachukua nyama?

#25 Karatasi_Majengo
Naona hakuna aliyesema juu ya kuuza jarida lenyewe. Mimi nimejaribu, tena mara mbili, na mara mbili hizo hazifanani hata kidogo.

Ramadhani ya kwanza nilitengeneza jarida la PDF, kurasa 36: futari za siku thelathini, kaimati, mkate wa sinia, vibibi, visa vifupi vya daku, ratiba ya mwezi. Bei shilingi 100, lipa kwa namba ya till, nakutumia kwa WhatsApp. Nilikesha na mpangilio wa kurasa wiki tatu. Nikauza nakala 63. Siku ya tano ya mfungo jirani akaniambia, "Kuna kitabu kizuri cha futari kinazunguka, ngoja nikutumie." Akanitumia jarida langu. Limetoka kundi lenye watu zaidi ya 800. Nikafuata nyayo mpaka kwa aliyelianzisha, nikakuta ni mama mdogo, dada yake mama. Yeye alilipa ile 100 kihalali, akaona ni dhambi kula futari peke yake.

Mwaka uliofuata nikageuza. Kabla sijaandika neno nikazunguka Marikiti na Biashara Street na kurasa tupu mkononi. Nikamwambia mwenye duka la viungo: hili jarida litakuwa la bure, litapita kila simu ya mji huu, na wewe unajua litapita kwa sababu la mwaka jana ulilipata bila kulipa. Akacheka, akakubali. Mshoni wa madira akachukua ukurasa, muuza tende akachukua nusu, mwenye gesi akachukua wa mwisho. Shilingi 3,000 ukurasa mzima, nusu 1,500. Nilikusanya 31,500 kabla ya mwezi kuandama. Kisha nikamtumia mama mdogo wa kwanza kabisa na kumwambia, fanya kazi yako.

#26 Bi_Tudor
Karatasi, huyo mama mdogo mpe kamisheni. Ndiye meneja wako wa mauzo.

#27 Fundi_Mikindani
Karatasi umefanya kitu kizuri, lakini ni mara moja kwa mwaka. 31,500 ukigawanya kwa miezi kumi na miwili ni 2,600 na kitu. Baraza ana 1,600 bila kuzunguka Marikiti.

#28 Karatasi_Majengo
Fundi, mimi nilifanya kazi wiki sita. Yeye anafanya kazi kila siku tangu 2021. Gawanya na hiyo.

#29 Mla_Mbaazi
Hapo umempata.

#30 Baraza_Kibokoni
Nasoma yote, ahsanteni. Niseme kinachonizuia. Mimi sitaki kuwa mpiga debe. Nikimsifu mshoni kwa sababu amenilipa, kesho nikimsifu mwingine kwa haki nani ataniamini? Watu wanakuja kwangu kwa sababu sina cha kuwauzia. Makala yangu inayosomwa kuliko zote ni ya tofauti ya mahamri na maandazi. Ningekuwa nimelipwa na mwenye mkahawa, ingesomwa vile?

#31 Mzee_wa_Kuze
Tofauti gani hiyo? Hamri lina iliki na tui. Andazi ni unga ulioogopa nazi.

#32 Pwani_Posta
Mzee, kuna maandazi yana iliki siku hizi.

#33 Mzee_wa_Kuze
Kuiba jina la kabila hakukufanyi wa kabila.

#34 Tanga_Raha
Tanga tunayaita maandazi na yana tui. Tusianze vita.

#35 Bi_Tudor
Turudi. Baraza mwanangu, sikiliza. Hakuna aliyekwambia uuze sifa. Waweza kuuza nafasi na ukaandika juu yake "tangazo", kama magazeti yanavyofanya, na makala zako zikabaki zako. Dada_Bamburi alimuwekea mwenye hoteli tangazo, hakusema vitanda vya wengine vina kunguni. Wewe waona haya kuuza, umeivalisha haya hiyo kanzu ya uaminifu. Naijua kwa sababu na mimi nilikuwa hivyo. Mara ya kwanza kutaja bei ya kupika arusi nilitaja kwa simu, niliogopa kumtazama mtu machoni.

#36 Baraza_Kibokoni
Bi Tudor, hilo limeniingia. Kesho asubuhi naenda kwa mshoni wa kanzu Makadara. Nitawaletea habari.

#37 Dada_Bamburi
Kila la heri. Angalia tu mwezi. Bei za matangazo mtandaoni hupanda kuelekea Desemba, Januari zinaanguka kama embe. Mimi kwa wasomaji wale wale Desemba napata karibu mara mbili ya Januari. Kwa hivyo hizo dola 12 usizipime kwa mwezi mmoja. Ni za mwezi gani?

#38 Baraza_Kibokoni
Za Januari.

#39 Fundi_Mikindani
Mbona hukusema tangu mwanzo!

#40 Simu_Bondeni
Fundi, sasa ni lugha, ni simu, au ni Januari?

#41 Fundi_Mikindani
Ni lugha. Januari imezidisha tu.

#42 Baraza_Kibokoni
Nimerudi kutoka Makadara. Mshoni ni mtu mwerevu kuliko sisi sote humu. Nilimwambia nina wasomaji 41,000. Hakushtuka. Akamaliza kutia uzi kwenye sindano, akauliza, "Wangapi kati yao wanaweza kufika hapa kwa tuktuk?" Nikakosa jibu. Nikafungua simu pale pale tukatazama pamoja. Tanzania 15,000. Kenya 14,000, na Mombasa yenyewe ndani ya hizo ni 4,200. Oman 5,000. Uingereza 2,600. Wengine huku na huku. Akasema, "Basi nitakulipa kwa hao elfu nne, hao wengine waambie waje tuwapime." Tumekubaliana 500 kwa mwezi, na mwezi wa kwanza bure.

#43 Mla_Mbaazi
500 na dola 12. Mtoto ameanza darasa la kwanza.

#44 Dada_Bamburi
Ngoja kidogo. Oman 5,000 na Uingereza 2,600? Fundi alisema bei inategemea msomaji ameketi wapi. Hao wameketi pazuri. Mbona bado ni senti 30?

#45 Fundi_Mikindani
Lugha. Akiwa Muscat anasoma Kiswahili, mwenye tangazo la Muscat ananadi Kiarabu na Kiingereza.

#46 Simu_Bondeni
Au wote wako kwenye Opera Mini. Kubana data si maskini peke yake.

#47 Bi_Tudor
Nyinyi bishaneni. Baraza, hao wa Oman wanasoma nini hasa?

#48 Baraza_Kibokoni
Makala ya kofia. Ile niliyoandika namna kofia ya mkono inavyotobolewa na kushonwa, na kwa nini moja yaweza kumchukua mtu miezi. Ina maoni mengi kuliko zote.

#49 Bi_Tudor
Maoni yanasemaje? Unayajibu?

#50 Baraza_Kibokoni
Huwa nayasoma.

#51 Bi_Tudor
Sikuuliza kama wasoma.

#52 Baraza_Kibokoni
Sawa. Nimeyafungua. Kuna mmoja wa Muscat anauliza hivi, nanukuu: "Ndugu, kofia kama hizi za mkono napata wapi, nataka tatu, kipimo 22, pesa si tatizo, nitamtuma mtu anayekuja Mombasa." Ameandika na namba yake ya simu.

#53 Mla_Mbaazi
Ameandika lini?

#54 Baraza_Kibokoni
Miezi saba iliyopita.

#55 Kidole_Kimoja
Innalillahi.

#56 Karatasi_Majengo
Kuna wengine?

#57 Baraza_Kibokoni
Wanne. Mmoja London anataka ya mtoto wa miaka sita.

#58 Bi_Tudor
Mimi nina jirani zangu wawili, mtu na wifi yake, wanashona kofia, na wanauza kwa dalali anayewapa nusu ya bei anayouzia. Nitumie ujumbe wa siri sasa hivi. Si kesho.

#59 Fundi_Mikindani
Kwa rekodi tu, hiyo itakuwa pesa ya kofia, si ya blogu.

#60 Mzee_wa_Kuze
Fundi, nyamaza kidogo.

#61 Baraza_Kibokoni
Nimemwandikia yule wa Muscat. Nimemwomba radhi kwa kuchelewa. Tiki mbili zimetokea, bado hazijawa buluu.

#62 Mla_Mbaazi
Muscat ni saa moja mbele yetu. Atakuwa amelala.